Siku Niliyomnasa Mwanamke wa Bujumbura

Hii habari bora niwasimulie mwenyewe, maana Karatu nzima inaisimulia na kila mtu anaitia chumvi yake, na juzi juzi nilikuwa saluni pale karibu na soko nikamsikia mama mmoja aliyekuwa anasukwa anaihadithia mbele yangu bila kujua kwamba mwenye mkasa ndiye mimi, tena akasema kwamba nilizimia. Sikuzimia. Ningepata bahati ya kuzimia ningeshukuru, lakini nilisimama pale pale kipaza sauti mkononi, kitenge kipya mwilini, macho makavu, nikaaibika huku nikijiona.

Kazi yangu ni kusikiliza watu wanavyosema Kifaransa. (Ndiyo, kuna mshahara.) Nafundisha matamshi chuo kikuu, na utafiti wangu wote ni juu ya lafudhi za Kifaransa, yule wa kusini mwa Ufaransa anavyolivutia puani neno la mkate mpaka unasikia kengele, yule wa Uswisi anavyokwenda taratibu kama amebeba mayai, yule wa Dakar anavyoikaza r, yule wa Kinshasa anavyoimba mwisho wa sentensi. Kwenye mikutano ya wenzangu nilikuwa na mchezo wangu, mtu ananikaribisha kahawa, na kabla hajamaliza kikombe nimeshamwambia kwao ni wapi na mara nyingine hata bibi yake alikotoka, na watu wananipigia makofi. Sasa mtu akipigiwa makofi miaka mingi kwa jambo moja, mwishowe analiamini sikio lake kuliko macho.

Kwetu ni Karatu. Baba yetu alitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, akabaki, akatuzaa, na kaka yangu Yohana ndiye aliyerithi mji. Binti yake mkubwa, Tumaini, ni nesi wa zahanati, na kwa kuwa mimi Mungu hakunijalia mtoto, Tumaini ndiye mtoto wangu, likizo zake zote kwangu, siri zake zote kwangu. Kwa hiyo mkinicheka, kumbukeni kwamba sikuyafanya haya kwa ubaya, niliyafanya kwa kumpenda, ingawa yeye alisema heri ningempenda kidogo.

Kaka alinipigia simu akasema posa ya Tumaini imeletwa, kijana wa kijiji cha Daa, Mwiraqw, Mkatoliki kama sisi, jina lake Paskali. Nikauliza anafanya kazi gani. Akasema ni gaidi. Nikakaa chini. (Mimi naishi Dar siku nyingi, na huko gaidi ni mtu wa mabomu.) Ilichukua muda kunielewesha kwamba Karatu gaidi ni yule anayewaongoza wageni kwenda kuona wanyama kreta ya Ngorongoro, na kwamba huyu anaongoza wageni wa Kifaransa, ndiyo maana kaka ananipigia, kwa sababu shangazi ndiye anayempima mkwe, na huyu mkwe kipimo chake ninacho mimi. Nikacheka, tukaagana vizuri. Lakini naamini ule mshtuko wa neno gaidi uliniingia na haukutoka tena.

Nikafika Karatu mwanzoni mwa wiki, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuwajibu wazee wa Daa. Siku ya pili baada ya kufika nikaenda kunywa chai kwa Bahati, tuliyesoma naye shule ya msingi, ana mgahawa wenye bustani ambako magari ya wageni husimama kwa chakula cha mchana. Sijamaliza chai likaingia gari, wakashuka wageni wazee wazee wenye kofia, na nyuma yao kijana mrefu wa nguo za kaki. Nikamjua mara moja kwa picha aliyonitumia Tumaini.

Hapo ndipo lilipozaliwa kosa, na lilikuwa dogo kama punje ya ulezi. Nilitakiwa niinuke niseme mimi ndiye shangazi yake Tumaini, anipe shikamoo yangu, tucheke, tunywe chai. Badala yake nikageuza kiti, nikampa mgongo, nikajitanda mtandio kichwani, nikajiambia acha kwanza nimsikie. Katika kazi yetu tunajua kwamba mtu akijua anasikilizwa hubadilisha ulimi, kwa hiyo mimi pale nilijiona nafanya sayansi. Mama yangu angekuwa hai angeuita umbea.

Basi Paskali akaanza kuwaeleza wageni, na mimi nywele zikanisimama. Kwanza, alipotaja sabini alisema septante, na tisini akasema nonante. Watu wa Ufaransa hawasemi hivyo, wao sabini wanasema sitini na kumi, na tisini wanasema ishirini nne na kumi, kama mtu anayehesabu madebe ya mahindi. Septante na nonante ni za Wabelgiji, na za wale waliotawaliwa na Wabelgiji, yaani Kongo, Rwanda na Burundi. Pili, nane yake ilikuwa nzito, wit, vilevile ya huko. Tatu, r yake aliipiga kwa ncha ya ulimi, na hili ndilo lililonitia shaka kuliko yote, kwa sababu r ya Kifaransa hutoka kooni, na Mwiraqw ana sauti za kooni tangu titi la mama yake, hiyo r angeimeza bila kutafuna. Huyu anaipiga kwa ulimi kama sisi Wabantu. Nikajiambia, huyu kijana si wa Daa.

Na kulikuwa na la nne ambalo sikulielewa. Nyumbu kwa Kifaransa anaandikwa kwa g na n mwanzoni, na kwa kawaida herufi hizo zikifuatana husomeka ny, ila kwa maneno machache kama la huyu mnyama kila moja husikika kivyake, g-nu. Paskali alisema nyu. Tena kwa raha kabisa, manyu wanavuka, manyu wanazaa, na wale wageni wanatabasamu. Lafudhi zote nilizozisikia maishani, sikuwahi kumsikia mtu wa taifa lolote akisema nyu. Nikaona hapa pana kijiji fulani huko mpakani ambacho hata vitabu vyetu havijakifikia.

Halafu bibi mmoja wa kizungu akamwuliza amejifunzia wapi Kifaransa. Paskali akacheka, akajibu (natafsiri neno kwa neno, niliyashika kama mkanda), "Kwa mwanamke mmoja. Kila usiku nikilala ananisemesha sikioni, mimi namfuatisha mpaka napitiwa na usingizi."

Wageni wakaangua kicheko, yule bibi akampiga begani. Mimi chai ikanipalia. Bahati akaja kunipigapiga mgongo, akanong'ona mbona simsalimii mkwe wangu, nikamwambia nyamaza, nikatokea mlango wa jikoni kama mwizi wa kuku.

Nilipofika nyumbani nikamweleza kaka yote, kwamba mchumba si mtu wa Daa, ni wa Burundi, pengine Kongo lakini kwa sikio langu Burundi, na kwamba ana mwanamke, tena analala naye, na huyo mwanamke naye ni wa huko huko maana ndiye aliyempa ile lafudhi. Kaka Yohana ni mtu wa polepole, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kaka, mtu anaweza kughushi cheti lakini hawezi kughushi irabu. (Niliipenda hiyo sentensi. Niliirudia kwa wifi jikoni.)

Tumaini aliporudi kutoka zahanati tukamweka chini. Hakulia, alishangaa tu, akasema amekwenda Daa, amekula kwa mama yake Paskali, amewaona dada zake wanaofanana naye pua. Nikamjibu mambo ambayo leo nikiyakumbuka nafumba macho, nikamwambia mwanangu, hata mama siku hizi hukodishwa. Nikamwuliza kama kijana ana tabia ya kujitenga na simu. Akafikiri, kisha kwa uaminifu wake akasema dada zake Paskali humtania kwamba analala na spika masikioni. Nikamtazama kaka kama kusema, unaona.

"Shangazi," Tumaini akasema, "si umwulize tu mwenyewe?"

Nikamwambia mwongo haulizwi, mwongo hunaswa. Akainuka akaenda chumbani.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Paskali alileta asali, nikasema anatununua. Alipiga simu kusalimia, nikasema anatupeleleza. Kwenye picha moja alisimama kando ya ziwa, nikaikuza mpaka ikawa nukta tupu, nikasema hili ni Tanganyika (lilikuwa Ziwa Eyasi, linaonekana hadi na chumvi yake). Nilikuwa silali, na ukweli ni kwamba nilikuwa naona raha pia, raha ya mbwa aliyeshika harufu.

Sasa wifi yangu naye, kwa nia njema, akapeleka ombi kwenye jumuiya yao ya kanisani, akina mama wamwombee Tumaini kwa sababu kuna jambo juu ya mchumba wake, yule gaidi, kwamba si raia. Na ombi la maombi ndilo redio ya kwetu. Likatoka jumuiya likiwa gaidi si raia, likafika sokoni likiwa gaidi wa Burundi, na kufika stendi lilikuwa gaidi kutoka nje ya nchi amejificha Karatu na anataka kuoa kwa Yohana. Neno ni lilelile, hakuna aliyedanganya. Mwajiri wa Paskali akasikia, naye hakutaka matatizo, akamwambia apumzike kwanza alete cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, na gari lake likapewa dereva mwingine likapanda Ngorongoro bila yeye, katikati ya msimu.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilisikia kwamba ameondolewa kwenye gari nikasema lisemwalo lipo, nikasahau kabisa kwamba aliyelisema wa kwanza ni mimi.

Jumamosi ikafika. Kaka alikuwa amekodi turubai na viti, na kijana wa muziki alikuja na spika kubwa, kwa sababu siku hizi hata kujibu posa kunataka kipaza sauti. Wazee wa Daa wakaja wamevaa makoti na shuka zao nzuri, na ndoo ya asali, na blanketi la bibi mzaa mama wa Tumaini. Mbele alikuwa Mzee Bura, babake Paskali, mtu mkavu, hana maneno. Paskali alikaa kando yake na macho mekundu. Na nyuma kabisa, karibu na masufuria, nikawaona watu nisiowatarajia, mwenyekiti wa mtaa na mgambo wawili wenye virungu, wamekuja kumwona gaidi.

Mshenga akasema maneno yake, ukafika wakati wa upande wa binti, na kaka kwa sauti ya unyonge akasema shangazi ana neno. Nikainuka. Nikachukua kipaza sauti. Tumaini alikuwa amekaa na wenzake chini ya dirisha, akanitikisia kichwa, kidogo tu, kunikataza. Nilimwona. Nikaangalia pembeni.

Nikasema sisi hatuna ubaya na mtu, tuna swali dogo la kitaalamu, na nikamtaka Paskali asimame ahesabu kwa Kifaransa kutoka sitini na tisa hadi tisini na tisa. Watu wakashangaa, wazee wa Daa wakatazamana, lakini kijana ana adabu, akasimama akahesabu. Septante yake, wit yake, nonante yake, r ya ulimi, vyote vikapita kwenye spika. Na kadiri alivyohesabu alizidi kunitazama mimi kwa namna ya ajabu, na mara mbili alisita kama mtu anayesikia anaitwa. Nikadhani ameogopa. Nikamwambia ataje nyumbu. Akasema nyu.

Hapo nikawageukia watu nikatoa mhadhara. Niliwaeleza Ubelgiji, nikawaeleza Burundi, nikawaeleza ncha ya ulimi, nikasema hiki mlichokisikia hakikuzaliwa Daa. Mwenyekiti wa mtaa akasogea mbele. Kisha nikafikia kilele changu, nikamwuliza mbele ya kadamnasi yule mwanamke anayemsemesha kila usiku kitandani ni nani.

Paskali akatazama chini, akanitazama mimi, akasema polepole, "Samahani shangazi. Nafikiri ni wewe."

Mnaweza kufikiria lilivyopokelewa. Akina mama wa jumuiya walishika vifua, mmoja akasema Yesu na Maria, wifi akaangusha sinia, mzee mmoja wa Daa akamwuliza mwenzake kwa Kiiraqw nadhani kama amesikia vizuri, na mgambo, ambao walikuwa wamekuja kumkamata gaidi, sasa walikuwa wananitazama mimi. Nikapiga kelele kwamba simjui, sijawahi kukutana naye. Paskali naye akagundua alivyosikika, akatapatapa, akatoa simu, akamkimbilia yule kijana wa muziki, wakachomeka waya.

Ikaanza kutoka sauti ya mwanamke, yenye mikwaruzo, kama iliyonaswa ndani ya pipa. Ikahesabu kwa Kifaransa, septante, septante na moja, ikasema mrudie. Nikaruka kwa furaha. Na hapa, ndugu zangu, ndipo mahali ambapo usiku nikikumbuka naukaza mto usoni, kwa sababu bado nilikuwa na kipaza sauti, na nikakitumia.

Nikasema ndiye huyu. Nikasema sikilizeni, msichana mdogo, ishirini na kitu, r ya ulimi, nane ya Kibelgiji, huyu amefundishwa na mwalimu wa Bujumbura, tena ni mtu mwenye majivuno, sikieni anavyopandisha pua. Kaka Yohana akaanza kunivuta kitenge. "Resti," akaniita. Nikamwambia ngoja. Sauti ikasema, na sasa mnyama wetu, nyu, nyu, ndiye nyumbu. Nikasema mmemsikia, hakuna Mfaransa duniani anayesema hivyo, huyu hakuenda shule. Kaka akavuta tena. "Resti, nyamaza."

Na ile sauti ikasema kwa Kiswahili, kwa uchangamfu wote wa ujana, mwisho wa somo la kumi na moja, asanteni madereva na waongozaji wetu, mimi ni mwalimu wenu Restituta, wa hapa hapa Karatu.

Nilikuwa sijaikumbuka kabisa. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nimekuja likizo, na madereva wachache wakaniomba niwarekodie masomo kwenye kanda, tukarekodia stoo kwa kaka Yohana, yeye mwenyewe alishika godoro mlangoni kuzuia kelele za kuku. Kifaransa nilichokuwa nacho wakati ule nilipewa na mwalimu wangu wa sekondari, mama mmoja wa Kirundi aliyekuja na watoto wawili na sanduku moja, ambaye alinipenda na kunikalisha jikoni kwake nikirudia maneno huku akisonga ugali, na kila nilichosema nilikisema kwa mdomo wake. Isipokuwa nyu, hiyo ilikuwa yangu, niliisoma kitabuni na kwa kuwa najua nyumbu nikaona imekaa sawa. Baadaye nikaenda ng'ambo, siku ya kwanza darasani nikasema septante, wakacheka, na usiku ule nikaanza kujisugua ulimi, nikausugua mwaka mzima mbele ya kioo, ukang'aa kabisa. Nilijifunza lafudhi za watu wote duniani nikaitupa ya yule mama, na siku iliponijia chini ya turubai nikaiita ya mtu asiyekwenda shule. Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma mpaka sasa kuliko vicheko.

Maana vicheko vilikuja. Kumbe zile kanda zilihamishiwa kwenye simu miaka mingi iliyopita, kila gaidi wa Kifaransa Karatu anazo, na wote wanasema nyu. Mgambo walicheka mpaka wakaegemea virungu. Mshenga akasema nyani haoni kundule, na akina mama wakaitikia kama litania.

Watu wa Daa hawakucheka. Mzee Bura alisubiri kelele ziishe, kisha akainuka na kusema bila kipaza sauti, "Mmetuita tuje kupewa jibu. Kijana wetu ameshushwa garini kwa maneno ya nyumba hii, na leo mmemsimamisha ahesabu kama mtoto. Jibu tumelipata." Wakachukua ndoo ya asali, wakachukua blanketi la bibi, wakaondoka. Paskali alibaki kidogo akimtazama Tumaini, kisha akawafuata wazazi wake, kama ilivyompasa.

Tumaini alikuja akasimama mbele yangu. Nilitaka anitukane. Alisema tu, "Shangazi, wewe utarudi Dar," akaingia ndani.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwajiri wa Paskali kabla hajafungua, nikamweleza yote, na kwa kuwa habari ilishamfikia aliniacha nieleze hadi mwisho kwa starehe zake, kisha akasema gari atarudishiwa siku hiyo hiyo. Halafu nikapanda bodaboda kwenda Daa, peke yangu. Kaka alisema mambo haya hayaendi hivyo, hutumwa mshenga, nikamwambia niliyeharibu ni mimi.

Mvua ilikuwa imenyesha na nilifika matope hadi magotini. Mama yake Paskali alikuwa uani anapepeta mbaazi, akaniona, akaendelea kupepeta. Nikamsalimia. Nikapiga magoti kwenye matope (kwa matope niliyokuja nayo, haya hayakuongeza kitu), nikaomba radhi, nikasema nimemwita mwanao mgeni katika nchi yake, nikasema kosa ni langu peke yangu, Tumaini alinikataza, msimwadhibu Tumaini kwa ajili yangu. Nililia, sitawaficha. Alipepeta mpaka ungo ukaisha.

Kisha akaniuliza kama najua jina la nyumbani la mwanawe. Nikasema sijui. Akasema alizaliwa siku ya mvua kubwa, kwa hiyo ni Tluway, yaani mvua, na hapa hakuna anayemwita Paskali. Akasema, basi mwite.

Nikafungua mdomo. Ile tl ya Kiiraqw siyo t na l, ulimi unakaa pembeni, pumzi inapasuka kama kijiti, naijua kwa nadharia, naweza kuichora ubaoni. Nikasema Tuluwai. Akatikisa kichwa. Nikasema Kluwai. Dada zake Paskali wakatoka jikoni. Nikajaribu tena, na tena, nikamrushia mate, jirani akaja na mtoto mgongoni kusikiliza, na mimi nimekulia umbali wa bodaboda moja kutoka pale, nimecheza na watoto wa Kiiraqw, nimesoma nao, sikuwahi hata siku moja kuwaomba wanifundishe kutamka jina la mmoja wao.

"Kumbe hata wewe si mtu wa hapa," mama yule akasema.

Nikasema ndiyo, baba yetu alitoka Singida.

"Najua. Alikuwa anapita hapa kuuza matete ya kuezekea, naye jina langu lilimshinda." Akasimama, akakung'uta kanga. "Ingia ndani ule, utashikwa na kichomi."

Asali ilirudi na wazee wa Daa baada ya mavuno. Walifunga ndoa, na aliyemtoa Tumaini ndani siku hiyo kwa nafasi ya shangazi hakuwa mimi, alikuwa wifi, Tumaini alitaka hivyo na mimi sikubisha, nilikaa viti vya nyuma nikapiga vigelegele kuliko mtu yeyote. Ananipigia simu sasa, si kama zamani, lakini ananipigia. Na mimi nimeapa, tena si kwa mzaha, kwamba mtu akifungua kinywa mbele yangu sitasema tena kwao ni wapi, wenzangu wakininyooshea kikombe cha kahawa nawaambia kamwulizeni mwenyewe, ana mdomo. Kila likizo nakwenda Daa. Nakaa uani na mama mkwe wa Tumaini, nachambua mbaazi, namwita mkwe wangu jina lake, na kila mara uwanja mzima unacheka na kujua nimetoka wapi, na hakuna aliyewahi kuniomba kitambulisho.